Mafuta ya Mwaka Huu

…na sahani ya tatu ni ya huyu mama mrefu wa Kiholanzi, Marike, jina alilikumbuka mara tu aliposhuka garini, angemsahau vipi mtu aliyemkumbatia mbuzi wa Sifis mwaka jana mpaka machozi yakamtoka, mbuzi mwenyewe akimtafuna ukosi wa shati, na Garifalia aliinamisha jagi la bati taratibu, uzi mwembamba wa mafuta ya kijani ukashuka juu ya mkate mkavu wa shayiri, ukatanda, ukazama kwenye vitundu, na wakati huohuo Marike alikuwa akisema jambo refu, akimtazama yeye na si mkalimani, macho yamejaa heshima, Mungu wangu, heshima ya watu hawa ilivyo nzito kubeba, na Anthipi, binti yake wa ubatizo, aliyemsimamia kanisani miaka thelathini na moja iliyopita, ambaye leo ndiye dereva na mkalimani na mwenye ziara yote hii, alisimama nyuma ya benchi chini ya mzabibu akitikisa kichwa, akingoja maneno yaishe ayageuze Kigiriki, na kule mwisho wa meza mumewe Sifis alikuwa akimwelezea bwana mnene wa Kanada, kwa Kigiriki kitupu na kwa mikono, namna konokono wale waliomo sahanini walivyokuwa wakiruka kwenye kikaango, na bwana yule akiitikia asante, asante, ingawa ilionekana wazi hakutamani konokono hata mmoja… saa tano na nusu asubuhi, mwezi wa Mei, wageni saba, jibini limekatwa, asali ipo, nyanya zimekunwa, kila kitu mahali pake, na yeye alikuwa na furaha, kweli alikuwa nayo, anapenda nyumba ikijaa watu, laiti isingekuwa hii sehemu ya mafuta, laiti wangekula tu wakanyamaza. "Anasema hivi," Anthipi akaanza, "mwaka jana alikaa papa hapa, ukamwambia mafuta yako yana jani la mtini na lozi mbichi, akaenda na chupa mbili kwao, na kila akionja anakuta ni kweli, jani la mtini na lozi mbichi. Sasa anauliza mwaka huu ulimi wako unasema nini, maana yeye kwa harufu tu anaona yamebadilika ila hawezi kusema yamebadilika nini. Mama? Anakungoja."

Anamngoja, naam, wote wanamngoja, hata wale dada wawili wa Lyon wameacha kupigana picha, na jagi liko hewani juu ya sahani ya tatu, tone moja limening'inia mdomoni mwa jagi halitaki kudondoka wala kurudi, na Garifalia alitabasamu, kutabasamu hakumshindi, akalipangusa tone lile kwa kidole, akakilamba kidole, kama alivyofanya mara elfu mbele ya wageni, na kama alivyojua kabla hajakilamba, hapakuwa na kitu… ulaini tu, ulaini wa kitu chenye mafuta, halafu kule kooni moto kidogo, basi, kama mlango uliofungwa ukaona mwanga chini yake tu, jani la mtini hakuna, lozi hakuna, hakuna chochote tangu mwezi wa kumi na moja. Na mara mbili mwezi uliopita, kwa vikundi viwili vya kwanza tangu Pasaka, alikwisha kuwaambia jani la mtini na lozi mbichi, yaleyale maneno ya mwaka jana, kwa kichwa, kama mtoto anayekariri sala ambayo haielewi, nao wakafumba macho wakaitikia, mmm, mtini, ndiyo, lozi, watu wema, ukiwaambia yana ladha ya kiatu wangeitikia kiatu, lakini huyu alikuwepo mwaka jana, huyu anayo chupa nyumbani kwake, huyu amesema yamebadilika, na Garifalia ambaye ni mwenye mizeituni, mwenye mafuta, mwenye jina… hajui. Yamebadilika vipi? Angetoa mkono wake mmoja leo ajue yamebadilika vipi.

Ngazi yenyewe haikuwa ndefu, hilo ndilo lililokuwa likimuudhi, mtu akianguka aanguke basi kutoka juu ya paa apate la kusimulia, yeye alikuwa kipandio cha tatu tu, kwenye ule mzeituni uliopinda karibu na kanisa dogo, akivuta tawi kwa reki, na Sifis akikunjua wavu upande wa pili na kulalamika kama kawaida yake, halafu mbingu ikaja mbele ya macho, jiwe likaja nyuma ya kichwa, na kitu cha mwisho alichokisikia kwa pua yake, hakujua kwamba ni cha mwisho, angejua angekivuta vizuri, ni ule udongo uliolowa na zeituni zilizopondwa chini ya mgongo wake. "Garifalia! Garifalia wangu, usife!" "Usinishike, sijavunjika, niokotee kitambaa changu." Nyuzi tatu kichwani, mjini, na wakacheka njia nzima kurudi, kwa kuwa Sifis alivaa viatu viwili vya mguu mmoja kwa kukimbia, na wiki ilipita ndipo alipogundua kahawa imekuwa maji ya moto machungu, akabadilisha duka, kisha sabuni haina kitu, kisha akafukiza ubani mbele ya sanamu ya Bikira, akaona moshi unapanda, mzuri, wa buluu, na haunukii. Daktari wa mjini alikuwa mtu mpole, akampitishia vichupa chini ya pua kimoja baada ya kingine, akamwambia kuna uzi mwembamba sana nyuma ya pua, ukikatika pengine hujiunga, pengine haujiungi, mama, tusubiri mwaka, na chumvi na sukari ulimi utazijua bado, na kweli unazijua, kwa mbali, lakini chakula si chumvi na sukari. Hakumwambia mtu. Amwambie nani? Amwambie Sifis, ambaye mama yake alimchagulia mke kwa sababu ya ulimi? Garifalia alikuwa na miaka tisa baba yake alipomkuta kwenye kinu cha kukamulia mafuta, amechovya kidole kwenye madebe ya watu, anasema hili la mjomba Stratis, hili la papa, yaani padri, hili mmelichanganya na la mwaka jana, na mkanyamaza, na wanaume walicheka, halafu hawakucheka tena, na tangu siku ile, miaka hamsini na saba, hakuna mafuta yaliyouzwa Aspromuri bila mtu kusema mwiteni Garifalia aonje kwanza. Mtu akishazoea kuitwa… na Anthipi naye, gari kalinunua kwa kuvunja uchumba wa watu wawili, ndivyo anavyosema kwa utani, wachumba wote walitaka ahamie Athene akachagua gari la viti vinane na kijiji hiki, na kwenye karatasi zake za matangazo kaandika kwa herufi kubwa, Kuonja na Garifalia, Ulimi wa Aspromuri, na picha ya Garifalia mwenyewe hii hapa akicheka na jagi. Ukishamwambia mtoto huyo kwamba ulimi wa Aspromuri umekufa, je, atawapeleka wapi wageni, si kule juu kwa wauza mafuta wale wenye baa na kiyoyozi? Na nyumba hii itarudia kimya chake, yeye na Sifis na televisheni.

"Mama?" Anthipi alisema tena, kwa sauti ya chini, "umechoka? Niwaambie waanze kula kwanza?" na Garifalia akafungua mdomo, jani la mtini likaja lenyewe ulimini, neno tu, neno lisilo na jani, na hapo Sifis akagonga meza kwa kiganja, konokono wakaruka tena sahanini kana kwamba hadithi yake imewafufua. "Yanawasha!" akasema, "mwambie Anthipi, mwaka huu yanawasha kuliko mwaka jana, na mtini haupo, mtini umekwenda zake, mwaka huu ni… ni kama ndizi ambayo haijaiva, ukiimenya, lile ganda, na ndimu kidogo nyuma, kwa sababu tuliyavuna mapema, mvua ilichelewa, haya, nani glasi yake tupu hapa? Raki ya kwangu, zabibu za kwangu, kuumwa kichwa kwenu wenyewe!" na wageni wakacheka hata kabla hawajatafsiriwa, Anthipi akaanza kutafsiri, na Garifalia alibaki amesimama, jagi limeinama nusu, anamtazama mumewe kama mtu aliyemwona mbuzi anasoma gazeti. Sifis? Ganda la ndizi? Mtu huyu, miaka arobaini na minne ya ndoa, akiulizwa kuhusu mafuta ana majibu mawili tu, yapo na yamekwisha, mtu anayemimina mafuta kwenye saladi kama anazima moto, leo anasema mtini umekwenda zake na ndimu kidogo nyuma, na amelisema haraka, haraka mno, kama mtu anayeruka kumshika mtoto kabla hajafika ukingoni… na hakumtazama. Ndiyo, hakumtazama. Amejimiminia raki, ameitazama raki.

Na hapo yakaanza kurudi, moja likavuta jingine, zile dengu, mwezi wa kwanza, aliziacha motoni akaenda kuongea na jirani ukutani, aliporudi Sifis amekaa mezani anakula, sahani nzima, akasema leo nzuri, zina moshi moshi, mama yangu alikuwa akizipika hivyo, na yeye akaona fahari, Mungu amsamehe, akaona fahari, halafu usiku akakuta sufuria limesuguliwa na majivu mpaka linang'aa, Sifis ambaye hajui sufuria linaoshewa wapi, akafikiri mzee anazeeka vizuri. Na maziwa, maziwa ya Jumatano ile, yaliyochacha bila shaka, Sifis akasema paka kayamwaga, paka gani, paka alikuwa amefungiwa stoo tangu asubuhi, na mtungi wa gesi alioutoa jikoni akauweka nje ukutani na kutoboa tundu la mpira, siku nzima na nyundo, eti televisheni imesema, na yeye akamgombeza kwa ajili ya vumbi… na yale maneno, ee, yale maneno yaliyokuwa yakimchoma kila siku kama miiba ya mchongoma, kila asubuhi kabla hajafungua macho vizuri, "Kahawa inanukia leo, bibie, mpaka barabarani!" na "Mkate umeiva, nausikia kutoka zizini," na "Mvua inakuja, udongo umekwisha kunukia," na siku ya Ijumaa Kuu kanisani, karibu na sikio lake, wakati jeneza la Kristo lililopambwa maua linapita, "Maua ya limau mwaka huu, Garifalia, mengi, na mawaridi machache," na yeye akauma midomo, akafikiri nimeolewa na mtu wa namna gani huyu, ambaye hakuwahi kunusa kitu maisha yake yote na sasa mimi nimepoteza ndipo yeye ameamka, ananitembeza na pua yake kama mtu aliyenunua koti jipya, na mara moja, mwezi wa tatu, alimjibu, "Nyamaza, mzee, nani amekuuliza?" na Sifis akanyamaza, na kesho yake asubuhi akasema tena, kahawa inanukia, bibie. Hakuwa akijivunia. Alikuwa akimpa. Kila siku alikuwa akimpa, kidogo kidogo, kwa maneno yake machache yale aliyoyakusanya sijui wapi, mtu asiyejua kusifu hata bibi harusi, alikuwa akitoka nje, akinusa dunia, akirudi kumwambia imekuwaje leo, na asiseme kwamba anajua, ili yeye aendelee kuwa ulimi wa Aspromuri hata ndani ya nyumba yake… na usiku kucha amejifunza haya mafuta, lazima, amekaa stoo na kijiko akiyaonja na ndizi mkononi, kwa ajili ya leo, kwa kuwa alijua Marike anarudi, Anthipi aliwasomea majina wiki iliyopita, na alijua swali litakuja.

Garifalia alicheka. Hakukusudia, kilimtoka tu, ile picha ya Sifis stoo na ndizi, na wageni wakageuka, na alipokwisha kucheka aliona ile heshima ya Marike bado ipo pale pale usoni pake, inangoja, ila haikuwa nzito tena, au labda mikono yake yeye ndiyo imepata nguvu. "Anthipi," akasema, "mwambie bibi huyu hivi. Mwambie mwaka huu sijui." "Hujui nini?" "Sijui yakoje. Nilianguka wakati wa mavuno, nikajigonga kichwa, na tangu siku hiyo sisikii harufu, wala ladha, ila chumvi na sukari. Jani la mtini nililowaambia wale wengine lilikuwa la mwaka jana. Haya, tafsiri." Anthipi hakutafsiri, alisimama kinywa wazi, mkono umeshika mgongo wa benchi, na Garifalia aliona mambo matatu yakipita usoni mwake, huruma, kisha zile karatasi za matangazo, kisha aibu kwa kuwaza karatasi, mtoto mwema, uso wake tangu ubatizo haujui kuficha kitu. "Mama, tangu Novemba? Na hukuniambia mimi?" "Nakuambia sasa. Tafsiri, mwanangu, watu wana njaa." Na Anthipi akatafsiri, na Garifalia akamgeukia mumewe, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa akiwa na kuku wa jirani. "Tangu lini unajua, we mzee?" "Tangu dengu," Sifis akasema. "Na ukanyamaza." "Wewe ulinyamaza kwanza. Nikaona basi, tunyamaze wote wawili." Akainua macho, mekundu kidogo, ya raki labda. "Zilikuwa mbaya sana zile dengu, Garifalia. Sijawahi kula kitu kibaya vile."

Alitarajia huruma, alikuwa amejiandaa nayo, kushikwa mkono na maskini mama na vichwa kuinamishwa upande, miezi yote sita hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa, lakini Marike hakumpa, Marike alivua miwani ya jua, akasukuma jibini kando, akaumega mkate, akauma, akafumba macho, na akatafuna muda mrefu, uso umekaza kama wa fundi anayesikiliza mashine, kisha akaanza kusema na Anthipi akamfuata kwa Kigiriki, "Anasema… si ndizi. Samahani, baba, anasema haoni ndizi. Anasema ni jani la nyanya, ukilisugua kwa vidole. Na ukingoni kuna… ngoja… nyasi zilizokatwa, lakini si leo, jana." "Jani la nyanya!" Sifis akapaza sauti, "jani la nyanya wapi? Nimekaa nayo siku tatu, ni ganda la ndizi!" na mmoja wa wale dada wa Lyon akasema artichoki, ile mboga ya miiba, artichoki mbichi, akaapa, na dada yake akamcheka, kwake yeye ni pilipili tu, anakohoa, anataka maji, na meza ikawaka, Garifalia akawamiminia waliobaki, kila mtu na mkate wake, kila mtu anamnyooshea Garifalia kidole kumwambia yeye, si Anthipi, yeye, kwa lugha zao na kwa mikono, nyasi, jani, ndimu, kama watoto wanaomletea mama vitu walivyookota, na Garifalia alivipokea kimoja kimoja, akavigeuza kichwani, jani la nyanya alilijua, akalitafuta kwenye kumbukumbu za bustani akalikuta liko zima, ganda la ndizi alilijua, akaviweka kando kwa kando, ndiyo, vinaweza kukaa pamoja, mavuno ya mapema, mvua iliyochelewa, inawezekana kabisa… harufu yenyewe haikuja, asijidanganye, mlango ulikuwa umefungwa vilevile, lakini alianza kuyajua mafuta yake ya mwaka huu kama mtu anavyomjua mjukuu aliyezaliwa ng'ambo, kwa yale wanayosema wanaomwona, na akaona kwamba ameyakosa, miezi sita yamekaa stoo kwenye mapipa na hakuna aliyemwambia habari zake ila mzee mmoja asiyejua maneno, na kwamba hana hasira na mtu, si na ngazi wala na daktari, na kwamba kesho asubuhi kahawa ikinukia atauliza inanukiaje, hasa inanukiaje, mzee, usiniambie mpaka barabarani, niambie vizuri. Anthipi alimshika kiuno kwa nyuma, akaweka kidevu begani mwake kama alipokuwa mdogo, akanong'ona, "Karatasi nitaziandika upya," naye akamjibu, "Utaandika nini?" "Sijui bado. Waje wamwambie Garifalia." Na bwana mnene wa Kanada, ambaye tangu asubuhi hakusema zaidi ya asante, aliinua mkono kama mwanafunzi, akaonyesha mkate wake, ulikuwa mkavu, hakufikiwa, wamemruka katika zogo, na Garifalia akazunguka meza mpaka kwake, akainamisha jagi, uzi wa kijani ukashuka, bwana akauma, akatafuna, masikio yake yaliyoungua na jua yakipanda na kushuka, na Garifalia akainama karibu naye, akasema, "Anthipi, njoo, njoo upesi, huyu naye anasemaje?"